Mapigo Niliyoyasikia Kwenye Uvimbe wa Minza

Wanangu mnaoingia wodini leo mna bahati ya kioo. Mnampaka mama mafuta ya baridi tumboni, mnapitisha kifaa, na kioo kinawaonyesha kama ndani kuna mtoto, maji au uvimbe. Sisi tulikuwa na viganja viwili, tepu ya fundi cherehani, na fetoskopu, kile kipembe cha bati unachokiweka tumboni kwa mama upande mmoja na sikioni kwako upande wa pili. Siwaonei wivu, au labda kidogo tu. Lakini kuna jambo ambalo kioo hakitawafundisha, na mimi nilijifunza kwa kumkosea mtu. Huyo mtu anaitwa Minza, na ndiye sababu ya mimi kuandika.

Nilistaafu kwa hiari mwaka jana. Nilimaliza nikiwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, ila nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini nikiwa mhudumu wa wodi, cheo cha chini kabisa: kudeki, kuchemsha sindano, kumwaga mabeseni. Shule yangu ilikuwa imeishia darasa la saba kule Sapiwi. Mengine niliyatafuta mwenyewe katika kitabu cha ukunga kisicho na jalada, nilichokikuta kimewekwa chini ya mguu wa kabati ili lisiyumbe. Nililiwekea kabati kipande cha tofali, nikachukua kitabu. Kilikuwa cha Kiingereza. Nilikisoma na kamusi pembeni, na ukurasa mmoja uliweza kunimaliza juma zima. Mitihani ya uuguzi niliifanya baadaye sana.

Kituo cha afya nilichoanzia kilikuwa katika wilaya ya Bariadi. Jina lake naliacha, kwa sababu kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu mimi, si la majengo. Wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Simiyu hatukuijua kama mkoa.

Siku ya kliniki ilikuwa Jumanne, na Jumanne zile bado nazikumbuka. Jiko la mafuta ya taa lilinguruma kwenye kona likichemsha sindano, na harufu yake iliingia hadi kwenye nywele. Kina mama wa Nkololo walifika wamekaa nyuma ya baiskeli, wengine wameshika vibuyu vya maziwa ya kumletea mkunga. "Mwangaluka!" inatoka mlangoni, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na benchi zima linaitikia "Mwangaluka mayu!" kama kwaya. Msimu wa kusomba pamba, malori yalipita barabarani yamejaa kupita kiasi, na pamba ikanasa kwenye uzio wa miiba kuanzia kituoni hadi njia panda. Mgeni angedhani miiba imetoa maua.

Mkuu wangu alikuwa Mama Perpetua, muuguzi mkunga, mwanamke mfupi mwenye viganja vinene vyenye joto. Hakupenda maneno. Ukimwuliza swali alikushika mkono akauweka pale jibu lilipo.

Yeye ndiye aliyebuni kalenda ya pamba. Kina mama wengi hawakuhesabu kwa tarehe. Ukimwuliza mtu damu ya mwezi aliiona lini mara ya mwisho, anakujibu: "Tulipokuwa palizi ya pili." Mwingine: "Tulipong'oa mabua." Mama Perpetua akachora ukutani, kwa kalamu ya risasi, mwaka mzima wa mkulima: kupanda, palizi, kuvuna, soko kufunguliwa, kung'oa na kuchoma mabua. Kila kazi aliiandikia mwezi wake. Soko kufunguliwa ndiyo ilikuwa nguzo ya kalenda yote, maana mnunuzi alikuwa mmoja tu, chama cha ushirika, na siku mizani inapofunguliwa ilijulikana wilaya nzima. Mjamzito akisema "soko lilipofunguliwa", sisi tulikuwa na tarehe.

Kisha biashara ikaachiwa huru. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, kila mmoja kwa wakati wake. Kijiji kimoja soko lilifunguliwa mapema, likafungwa lori lilipojaa, likafunguliwa tena miezi miwili mbele na mtu mwingine kabisa. Watu walifurahi, wengine walilia. Hayo si ya kalamu yangu. Ninachojua ni kwamba kalenda yetu ukutani ilianza kusema uongo, na hakuna aliyeifuta.

Ndipo akaja Minza.

Alikuwa na miaka kama ishirini na saba, mwembamba wa mikono na uso, ila tumbo limetangulia. Alikuwa ameolewa Nkololo, mwaka wa sita huo, bila mtoto. Mama Perpetua alikuwa likizo ndefu. Mimi, mhudumu niliyesoma kurasa arobaini za kitabu, ndiye niliyekaa kwenye kiti chake, kwa ruhusa, na kwa majivuno ambayo sikuyaombea ruhusa.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka. Hii mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza." Akacheka mwenyewe, akaziba mdomo kwa kanga. "Hata kuitamka naogopa."

"Damu ya mwisho uliiona lini?"

"Soko lilipofunguliwa."

"Soko la kwanza au la pili?"

"Kwani yalikuwa mawili, dada? Mimi nilikuwa shambani. Nilisikia tu lori linapiga honi."

Nikampima kwa tepu. Sentimita ishirini na nne, tumbo la miezi sita hivi. Kwa soko la pili mimba ingekuwa ya miezi minne, kwa soko la kwanza miezi sita. Mnaona nilichofanya? Nilichagua soko lililolingana na tumbo. Badala ya kuiacha tarehe inihoji kuhusu tumbo, niliifanya tarehe kuwa shahidi wa tumbo. Ukishafanya hivyo hakuna tena kipimo, kuna matamanio tu.

"Na baada ya hapo hujaona damu tena?"

"Naona, dada. Nyingi tu, siku nane, siku tisa. Kuna bibi jirani anasema mimba inajisafisha."

Nikaandika kwenye kadi: mimba inatishia kutoka, apumzike. Kisha nikaweka fetoskopu. Upande wa kushoto chini ya kitovu nikasikia sauti laini, vuu, vuu, vuu, kama mtu anapuliza kwenye mdomo wa chupa. Nikahesabu tisini na sita kwa dakika. Kitabu kilisema moyo wa mtoto tumboni hupiga mia na kumi, mia na ishirini na kuendelea. Nikajiambia mtoto huyu ni mpole.

"Unamsikia?" akauliza Minza. Alikuwa amezuia pumzi.

"Namsikia."

Neno moja. Machozi yalimtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni, maana alikuwa amelala chali, naye hakuyafuta.

Neno hilo lilimtangulia kufika nyumbani. Baba mkwe wake, Mzee Luhende, mfugaji mwenye sauti kubwa, alikuwa ameshaanza kusema hadharani kwamba mwanamke wa tumbo tupu arudi kwao na kijana wake Jilala aoe mwingine. Aliposikia kadi imeandikwa, alinyamaza. Akatenga mtamba mmoja mwekundu, akasema huyu ni wa mjukuu.

Minza akaja mwezi uliofuata. Tepu ikasema ishirini na nne. Nikaivuta kidogo ikasema ishirini na tano. Nikaandika ishirini na sita. Nawaambia haya bila kupenda, lakini nisipoyasema mtadhani makosa hufanywa na watu wavivu tu. Mimi nilikuwa na bidii. Bidii yangu yote niliipeleka kwenye kulinda nilichokwisha kuandika.

Alipofika mara ya tatu, alikaa chini kupumzika mara mbili njiani kati ya lango na benchi. Kope zake kwa ndani zilikuwa nyeupe kama karatasi. Bahati njema Mama Perpetua alikuwa amerudi. Akasoma kadi amesimama, akamlaza Minza, akaweka viganja vyake vile tumboni.

"Nani kaandika kadi hii?"

"Mimi, Mama."

"Kichwa cha mtoto umekishika wapi?"

"Hapa."

"Na hiki je?"

"Makalio."

"Na hiki?"

Kilikuwa cha mviringo na kigumu kama vile viwili vya kwanza.

"Mtoto wa vichwa vitatu," akasema Mama Perpetua. "Tushukuru hukuandika mapacha."

Kisha akafanya lile jambo ambalo ndilo urithi wangu kwenu. Aliweka fetoskopu pale pale nilipopenda mimi, akaniinamisha sikio, akachukua mkono wangu wa kushoto na kuuweka kwenye kifundo cha mkono wa Minza, juu ya mshipa. Sikioni, vuu. Kidoleni, pigo. Vuu, pigo. Vuu, pigo. Yalikwenda pamoja kama miguu ya mtu mmoja. Sikuwa nimemsikia mtoto yeyote. Nilikuwa nimesikia damu ya Minza mwenyewe ikikimbia kwenye mishipa inayolisha kizazi kilichovimba, na moyo wake ulikwenda mbio hivyo kwa sababu damu ilikuwa imemwishia.

Mama Perpetua akanivuta nje. "Sasa mwambie."

"Mimi, Mama?"

"Nani alimwambia anamsikia?"

Nilimwambia. Nilimwambia pia kuhusu soko la kwanza na la pili, na tepu niliyoivuta, na mkono ambao sikuushika. Nilidhani atapiga kelele. Alifunga kanga yake polepole, akaikaza.

"Kwa hiyo ulikuwa unanisikia mimi."

"Ndiyo. Nilikuwa nakusikia wewe."

Akaangalia ukutani, kwenye kalenda. "Na yule mtamba," akasema, "ameshapewa jina."

Niweke simulizi pembeni kidogo niwaeleze uvimbe huu ni kitu gani, maana nimekutana na wauguzi wenye vyeti wasioweza kumweleza mama akaelewa. Kizazi ni msuli. Wakati mwingine sehemu ya msuli huo huanza kukua peke yake ikajifunga kama donge. Hospitali wanaita faibroidi. Si saratani, na ni nadra mno donge la namna hii kukutwa ni saratani. Si mimba iliyohamia mgongoni, wala laana ya ukoo, wala matokeo ya mwanamke kutembea ovyo. Wanawake wengi wanao na hawajui hadi wanakufa kwa uzee. Kinachosumbua ni ukubwa wake na mahali ulipokaa. Uliochomoza kuelekea ndani ya kizazi, hata ukiwa mdogo kama punje ya hindi, huleta damu nyingi na unaweza kuzuia mimba kukaa. Ulio ndani ya ukuta hutanua kizazi chote. Ulioelekea nje unaweza kukua kama boga na damu isibadilike, ila mama anakwenda chooni kila saa kwa sababu kibofu kimebanwa.

Kwa hiyo hakuna tiba moja. Nilipohamishiwa Mwandoya miaka ya baadaye, kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, umri wa miaka hamsini kasoro, uvimbe anaushika kwa mkono wake mwenyewe, damu zake za kawaida. Aliniuliza kila mwezi, "Nipasuliwe lini, sista?" Daktari alimwambia asubiri, kwa kuwa damu ya mwezi ikikoma uvimbe hunyauka. Alisubiri. Ulinyauka. Siku ya mwisho alinisuta: "Miaka mitatu mmenitibu kwa kunitazama!" Ni kweli, na ilikuwa tiba sahihi. Wengine dawa za kupunguza damu na vidonge vya madini chuma vinawatosha. Wengine hutolewa uvimbe na kizazi kikabaki. Wengine, waliokwisha kuzaa na kuchoka na damu, hutolewa kizazi chote, nao hurudi wamenenepa na kushukuru. Siku hizi hospitali kubwa wanatoa donge kupitia njia ya uzazi bila kupasua tumbo, wanaingiza vyombo kwa matundu madogo, au wanaziba mishipa inayoulisha. Kila moja ina mtu wake. Swali la kwanza si "uvimbe una ukubwa gani?" bali "mama huyu unamsumbua vipi, na anataka nini?"

Ambacho sijawahi kukiona ni uvimbe ulioyeyushwa na unga wa kwenye pakiti. Enzi hizo za biashara huru kila mnada ulikuwa na kijana mwenye kipaza sauti cha betri, anauza dawa ya kusafisha kizazi, kuondoa vidonda vya tumbo na kuua kunguni. Pakiti moja ilifanya yote. Mama mkwe wa Minza alinunua mbili. Minza akanywa, akaharisha siku tatu, tumbo likabaki pale pale, na sisi tukapoteza siku nyingine tisa za kumwandaa.

Tulimpeleka hospitali iliyokuwa na daktari wa upasuaji, Daktari Mlingwa, mtu mrefu mwenye tabia ya kuchora. Alichora kizazi cha Minza kwenye mgongo wa karatasi ya maabara, akaweka madonge.

"Naweza kuyatoa haya nikakuachia kizazi," akamwambia. "Ila yakitolewa yanatoa damu nyingi, na wewe huna ya kupoteza. Nikiwa na mifuko miwili ya damu kwenye friji, najaribu. Nikiwa na mmoja, na damu ikanishinda, nitatoa kizazi ili nikuokoe wewe. Sitakudanganya."

Minza akatazama mchoro. "Kwa hiyo kizazi changu kiko kwenye mfuko wa pili."

"Ndivyo."

Kaka yake Minza alitoa mfuko wa kwanza. Jilala, mumewe, alikimbia kunyoosha mkono kabla hajaitwa, lakini kundi lake la damu halikukubaliana na la mkewe. Ndugu wengine wa Nkololo walikaa kwenye benchi nje ya maabara wakitazama viatu vyao. Wengi waliamini ukitoa damu hairudi. Mwisho akasimama Mzee Luhende mwenyewe, akakunja mkono wa shati. Aliingia, akatobolewa kidole, akarudi kukaa. Baadaye mtu wa maabara akatokeza kichwa.

"Mzee, yako inafaa."

Lazima mjue mambo ya ukwe kwetu. Mkwe wa kike na baba wa mumewe hawapeani mkono. Hawakai kitanda kimoja. Wakikutana kwenye kijia, mmoja anapisha mbali. Minza alikuwa amekaa miaka sita katika boma lile na nadhani hajawahi kumtazama mzee yule machoni. Sasa damu yake imwingie mwilini?

Ngusa, mdogo wake mzee, ndiye aliyeanza. "Kaka, fikiri vizuri. Ukimpa damu yako anakuwa mwanao. Na Jilala ni mwanao. Unataka boma liwe na kaka aliyemwoa dada yake?"

Mmoja akacheka akajizuia. Jilala aliinama kama aliyepigwa. Mtu wa maabara alikuwa ametoka pwani. Alifungua mdomo aeleze mambo ya kisayansi, nikamkanyaga mguu.

Mzee Luhende alifikiri kweli. Nilimwona anafikiri. Kisha akasema: "Wewe Ngusa, maziwa ya ng'ombe wangu yule wa pembe moja, nani ameyanywa?"

"Sote."

"Na mkeo?"

"Na mke wangu. Kuna ubaya gani?"

"Miaka mingapi?"

"Kama kumi na miwili."

"Watu walionyonya ng'ombe mmoja miaka kumi na miwili. Mbona hujamwita dada?"

Safari hii walicheka wote, hata Ngusa, ingawa alicheka wa mwisho. Mzee akamgeukia mtu wa maabara. "Chukua. Ila nina sharti. Nisiione ikimwingia, na yeye asinione nikitoka."

Basi ikafanyika hivyo. Akalala kwenye kitanda cha maabara, na alipomaliza tukamtoa kwa mlango wa nyuma, ule wa kutupia taka. Nilipomshika kiwiko asiyumbe nilithubutu kumwuliza kwa nini amekubali.

"Miaka sita nimetangaza kwamba tumbo la huyu mwanamke ni tupu," akasema. "Kumbe limejaa, na kilichomo kinamla. Jina zuri nimemnyima. Nimnyime na damu?"

Ilipopimwa magonjwa ikaonekana salama. Asubuhi ya upasuaji mimi ndiye niliyeibeba hadi chumbani, nimeifunga kwenye kitambaa cha kijani ili yeyote atakayekutana nami koridoni asione kitu cha kuonea aibu.

Daktari Mlingwa aliniruhusu kusimama pembeni. "Ingia," alisema, "uone ulichokihesabia mapigo." Hakusema kwa ukali. Alifungua tumbo, akafunga mpira mwembamba shingoni mwa kizazi ili kubana mishipa, akaanza kumenya. Ndiyo, kumenya; kila donge lina ganda, na ukilipata ganda donge linatoka kama karanga. Yalikuwa meupe, magumu, na lilipokatwa moja nikaona ndani nyuzi zimeviringana, kama uzi wa pamba uliosokotwa ukawa mpira. Matatu makubwa, vichwa vyangu vitatu, na manne madogo nyuma yake.

La sita lilipotoka damu ikapanda. Nilimwona daktari akisimamisha mkono. Mfuko wa kaka ulikuwa umeisha. Akamtazama muuguzi wa dawa za usingizi, huyu akatundika wa pili, na kwa muda ambao sikuuhesabu, mimi ambaye nilikuwa nahesabu kila kitu, tuliutazama ukidondoka. Kisha daktari akaomba uzi.

"Mfuko huu usingekuwepo," alisema akishona, "ningekuwa nimeshaamua."

Kizazi kilipokwisha kushonwa kilionekana kama gunia la pamba lililotiwa viraka. Lakini kilikuwepo.

Minza alielezwa yote kabla ya kuondoka: asubiri kovu lipone vizuri kabla ya kushika mimba, akishika asijifungulie nyumbani kamwe, aje apasuliwe, maana kizazi kilichoshonwa kinaweza kuachia kwenye uchungu, na madonge mengine yanaweza kuota tena. Hakuna aliyemwahidi mtoto. Daktari alikataa kabisa kuahidi, na Mama Perpetua aliniangalia mimi kwa makusudi wakati anakataa.

Niliporudi kituoni nilifuta kalenda ukutani kwa kitambaa chenye maji. Tukaanza upya. Tukiambiwa soko, tuliuliza soko la nani, lori la rangi gani, mvua ilikuwa imenyesha au bado. Kazi iliongezeka. Na kila mama aliyelala mbele yangu nilimshika mkono wa kulia kwanza, nikatafuta mshipa, ndipo nikainama na fetoskopu. Wengine walidhani nawapa pole.

Misimu miwili ya pamba ilipita. Jumanne moja benchi likaitikia salamu, nikainua macho, Minza amesimama mlangoni. Mikono imenenepa. Nje kabisa, karibu na uzio, Mzee Luhende alikuwa ameshikilia baiskeli na kugeuzia mlango mgongo kama desturi inavyotaka. Alikuwa amemsindikiza mkwewe maili zote zile akitembea hatua ishirini mbele yake.

"Umekuja na nani?" nilimtania.

"Nimekuja na damu yangu," akasema Minza kwa sauti ya chini. "Kila asubuhi anamwuliza mama mkwe, 'Damu yangu imeamkaje?' Mimi haniulizi."

Akakaa. Nikachukua kalamu.

"Ya mwisho uliiona lini?"

Akanipa tarehe. Tarehe kamili, na siku ya juma. Alikuwa ameweka alama ya mkaa kwenye mlango wa stoo kila asubuhi, na Jilala akawa anazihesabu jioni. Nikapima. Tepu na tarehe vilikubaliana bila mimi kuvilazimisha. Nikamlaza, nikachukua fetoskopu, na kwa haraka niliyokuwa nayo nilianza kuinama kabla ya wakati.

Minza akanizuia. Akageuza kiganja chake juu, akaninyooshea kifundo cha mkono.

"Shika kwanza, dada."

Nikashika. Pigo lake lilikuwa limetulia, sabini na kitu. Nikainama. Nilisikia vuu ile ninayoijua, ikienda sambamba na kidole changu, nikahamisha fetoskopu, nikahamisha tena. Na pale upande wa kulia, mbali na mishipa yote, kulikuwa na mwingine, mdogo, mwenye haraka, asiyemngoja mama yake.

Nilihesabu dakika nzima, kisha nyingine. Minza hakuniuliza kama namsikia. Alikuwa anatazama uso wangu, na mimi sikuondoa kidole kwenye mkono wake mpaka nilipokuwa na hakika kwamba wako wawili.